Jino la Juu la Eliza

Nilipokuwa mtoto kule Lumuma, kabla sijaweza hata kuandika jina langu vizuri, nilishajua kigego ni nani: ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini, na mtoto huyo, tuliambiwa, ana damu mbaya, akikasirika mtu hufa. Ningependa kusema nimeyasahau. Lakini juzi, hapa Mikumi, nimepitisha kidole kwenye ufizi wa mwanangu wa kwanza nikagusa jino, la juu, na chini hakuna kitu, na mama mkwe anakuja Jumamosi kumwona mjukuu, na kitu cha kwanza atakachofanya ni kumfungua mdomo.

Kigego wetu alikuwa Eliza, binti wa mama mdogo. Kijiji kilikuwa cha ujamaa, tunalima shamba moja, tunapika sufuria moja, tunaitana ndugu, ila Eliza anawekewa ugali wake kwenye jani la mgomba, kando, peke yake. Watoto walimwambia, "Kigego, usinipumulie!" naye hujibu, "Nitakupumulia mpaka uote mkia!" Nilimpenda kwa hilo.

Kisha jino lake la juu likang'oka. Sisi wengine jino likitoka tulilirusha juu ya paa tukaomba jipya. Eliza naye akaja mbio, anacheka na pengo lake, mkono ameshauinua, bibi yetu akaudaka.

"Paa la nani hilo? Unataka kutuzika?"

"Bibi, ni jino tu."

"Lako si jino. Litarudi lilikotoka."

Akalifinyanga ndani ya tonge la ugali, bado lina damu, akamwambia ameze. Eliza akameza, akatapika. Nasikia kinyaa hata sasa: bibi akapekua matapishi kwa vidole, akalipata, hakuliosha, akalifinyanga tena, akambana mashavu na kumsukumia mpaka kooni, na mama mdogo, aliyemzaa mwenyewe, amemshika miguu, analia, lakini ameshika. Eliza akang'ata. Aliking'ata kidole cha bibi mpaka damu ikachuruzika kidevuni.

"Mmeona?" bibi akapiga kelele. "Mmeiona damu ya kigego?"

Na watu wazima wote, hata balozi wa nyumba kumi, hata mzee wa kanisa, wakaitikia kwa vichwa kwamba wameiona. Mimi niliona mtoto aliyeingizwa vidole kooni. Mlitaka afanyeje, aimbe?

Tangu siku ile Eliza akawa mtu wa kung'ata kweli. Ukimsogelea ghafla, meno. Nao wakasema, si tulisema?

Baadaye nikaenda sekondari, na mwalimu wa baiolojia akatufundisha urithi, rangi ya macho, nywele, kimo, nami nikapumua, nikaona hapa sasa nimefika kwenye akili. Mwenzangu mmoja akauliza, "Na tabia, mwalimu?" Mwalimu akacheka. "Tabia nayo imo damuni. Mtoto wa nyoka ni nyoka." Darasa zima likacheka, nami nikatoka nje kutema mate.

Sikatai kwamba mwili una lake. Ubongo, damu, vyote vimo, na hasira labda hurithiwa. Lakini kama hurithiwa, basi Eliza aliirithi kwa bibi yule yule aliyekuwa akimbana mashavu, na bibi hakuna aliyemfungua mdomo akamhesabia meno.

Jana usiku nikamwonyesha mume wangu. Akauinua mdomo wa mtoto kwa kidole gumba, akatazama mpaka nikataka kumnyang'anya.

"La juu," akasema.

"La juu."

"Mama asilione."

"Atalitafuta."

"Basi nenda kwa dada yako Kilosa, kaa huko mpaka la chini litoke. Nitamwambia mtoto ana surua. Mimi sijaona kitu."

Kwa hiyo nafunga mzigo, mtoto yuko mgongoni ananicheka, na siamini bado kama mtu aliyelelewa na mama yule ataweza kunyamaza. Ndiyo maana jina la mwanangu hamtalisoma hapa. Akikua akinuna, akipiga wenzake, hata aking'ata, nitamuuliza kwanza amefanywa nini. Kuhusu jino hili, baada yenu sitamwambia mtu mwingine yeyote, na mwanangu mwenyewe ndiye wa mwisho kabisa ambaye ningemwambia.