Mweka Hazina Asiyefuga Hata Njiwa Mmoja

"Mashuka haya si yangu, ni ya watu," dobi anasema, akiwa amelishika moja kwa ncha za vidole kama aliyemshika panya mkia. "Wenye nyumba ya wageni wakiniuliza hili doa, niwaambie limeletwa na njiwa wa mwenyekiti wenu?"

Upande wa pili wa ukuta mfupi, mwanamke aliye nyuma ya cherehani hainui kichwa. Anamaliza mshono, anakata uzi kwa meno, ndipo anajibu.

"Jirani, mimi sifugi njiwa. Waulize wenye njiwa."

"Wenye njiwa nitawapata wapi, na hela zao unazila wewe?"

Cherehani inasimama.

Ni Jumatano asubuhi. Njiwa wa chama wameshatua kwenye kamba ya dobi, wameacha walichoacha, wameruka kwenda zao. Wanawake wawili waliotoka kuchota maji wamepunguza mwendo ili wasipitwe na neno. Lakini hakuna la kusikia. Mshonaji anakunja kitambaa chake, anaingia ndani na kufunga mlango taratibu, na wale wa ndoo wanatazamana kama watu waliolipa kiingilio halafu mchezo ukaahirishwa.

"Angenitukana tusi lingine lolote ningevumilia," mshonaji anasema baadaye, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga begani. "Lakini neno la kula hela, wiki hii, limenichoma. Maana hata watu wa kodi wanasema hivyohivyo, ila wao wamelipiga muhuri."

Mtaani anaitwa Mama Risiti. Amevuka hamsini, anaishi na bintiye na mama mkwe wake, anashona sare za shule barazani kwake, na huu ni mwaka wa sita akiwa mweka hazina wa chama cha wafuga njiwa. Ni watu ishirini na kitu, karibu wote wanaume, na njiwa wao hawawauzi wala hawawali. Wanawatazama tu. Wanawarusha asubuhi, wanasubiri warudi, wanabishana wa nani katangulia mpaka chai inapoa. Mara moja kwa mwaka wanafunga turubai na kufanya maonyesho. Kiingilio kinalipia turubai na viti, na kinachobaki kinanunua mtama.

Cheo hakukiomba. Alikwenda kwenye mkutano wao kumpelekea shemeji yake, ambaye ndiye mwenyekiti, ufunguo wa nyumba aliousahau. Akawakuta wanagombania hela za turubai. Yeye akauliza tu, kwa wema kabisa, risiti iko wapi.

"Nilikuwa nimesimama mlangoni, hata kiti sijapewa," anakumbuka. "Halafu wakapiga makofi, wakanichagua. Nilikwenda na ufunguo, nikarudi na daftari."

Halipwi kitu. Simu yake hulia akiwa katikati ya kumpima mtoto kiuno: huyu katuma ada, yule anataka kujua dawa ya njiwa wanaoharisha itafika lini dukani, mwingine anaahidi kulipa kesho. Huyo wa mwisho jina lake ni Bwana Kesho, na mtaa mzima unajua kwa nini.

Kila mwaka pia kuna ritani, ile fomu ya hesabu za mwaka, ya kupeleka ofisi ya kodi. Wanachama hawaioni maana yake. Wanamwambia chama hakina faida, sasa kodi inatokea wapi? Yeye huwajibu kwamba kukosa faida nako kunaandikwa. Wanacheka, wanamsifu kwa maneno, wanarudi kwa njiwa wao.

Kosa lililomtia matatani lilianza kama fadhila. Ili kukifungulia chama akaunti, benki ilitaka cheti chake, na cheti kilitaka viongozi watatu wafike ofisini siku moja. Katibu alikuwa safarini. Katibu aliporudi, mwenyekiti alikuwa na njiwa mgonjwa. Njiwa alipopona, ikawa msimu wa sare na mweka hazina hana nafasi ya kupumua. Shemeji akashauri hela zipite kwenye simu yake Mama Risiti, kwa muda tu. Hicho kitu cha muda kikaota mizizi.

Mwezi uliopita ikaja barua. Watu wa kodi wametazama hela zilizopita kwenye laini yake, wameona ada zikiingia na malipo ya mtama yakitoka, gunia juu ya gunia, wakahitimisha kwamba mshonaji huyu ana duka la chakula cha ndege asilolitangaza. Kodi pamoja na faini ni milioni moja na laki nne. Siku nzuri ya kushona humwachia elfu kumi na mbili, na ziko siku ambazo humwachia maumivu ya mgongo peke yake.

Alipewa hadi Ijumaa kupinga. Asipopinga, au akipinga bila ushahidi, deni si la chama. Ni lake. Na mali pekee yenye jina lake ni cherehani mbili, moja anayoshonea na moja anayomfundishia bintiye.

Jumatatu alikwenda na daftari lake. Afisa aliyempokea ni msichana wa rika la huyo bintiye, mpole, akampa kiti na kumwita mama. Akafungua ukurasa wa ada na kuanza kusoma kwa sauti: Kidole. Bwana Kesho. Babu Manyoya. Kaka Mkubwa. Kaka Mkubwa wa Pili.

"Mama," akauliza, "hawa ni watu au ni njiwa?"

Mama Risiti akamhakikishia kwamba ni watu. Afisa akaeleza, midomo ikimtetemeka kwa kicheko alichokibana, kwamba anahitaji majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, namba zake, na saini ya kila mmoja akikiri kwamba alichotuma kilikuwa ada. Bila hayo, daftari ni karatasi tu.

"Alinisikiliza vizuri mno," Mama Risiti anasema. "Nilitamani angenifokea, angalau ningepata pa kukasirikia."

Ndipo alipogundua kwamba watu aliokaa nao miaka sita, aliowapikia kwenye misiba yao, hajui majina yao ya kwenye vitambulisho, maana hata ada walizituma kupitia kwa mawakala. Jumanne akaanza kupita mlango kwa mlango. Kidole, muuza nyama aliyepoteza kidole kwa shoka lake mwenyewe, alimwambia aandike Kidole tu, watamjua. Babu Manyoya alimvuta pembeni na kumnong'oneza kwamba kuna mke anayemjua kwa jina moja na mwingine anayemjua kwa jina lingine, kwa hiyo jambo hilo liachwe lilivyo. Bwana Kesho alisema kesho.

Chini ya mizaha yote hiyo kulikuwa na hofu moja. Kila mmoja ana kibanda chake, au pikipiki, au chumba anachopangisha kimyakimya. Jina likishaingia kule halitoki, walimwambia. Wengine walimpa chai, wakampa pole, wakamnyima saini.

Mpaka Jumatano mchana, saa chache baada ya ule ugomvi wa mashuka, alikuwa na saini mbili. Moja ya katibu na moja ya shemeji yake, ambaye naye alikuja na wazo: wakivunje chama hiki na kufungua kingine kwa jina jipya, deni libaki na la zamani.

"Chama kitabadili jina," Mama Risiti alimjibu. "Mimi nitabadili lipi?"

Habari katika mtaa huu hazihitaji miguu. Jioni hiyo dobi alimwita ukutani, safari hii bila shuka mkononi. Alikuwa na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Miaka mitatu iliyopita alikishitaki chama kwenye ofisi ya mtaa, akisema wanafanya biashara ya ndege katikati ya makazi ya watu. Wafugaji wakaitwa wote, mweka hazina asiyefuga akaachwa. Kwa kuogopa faini, wakaandika majina yao kamili na namba za vitambulisho, wakatia saini kwamba wao ni wapenda njiwa tu, wanachangishana ada kununua mtama, na biashara hawana. Wakaachiwa. Dobi akabaki na nakala yake, akiitunza kwa siku atakayomnasa mmoja wao akiuza.

"Niliwapeleka kule ili wafukuzwe," alisema, akicheka kidogo bila furaha kubwa. "Wakaapa mbele yangu kama mabibi harusi. Basi na waape tena."

Lakini karatasi hakuitoa mara moja. Aliiweka juu ya ukuta, kiganja juu yake, akataka mwenyekiti aitwe. Sharti lake lilikuwa moja: njiwa wasifunguliwe asubuhi mpaka mashuka yatoke kwenye kamba. Shemeji akalalamika kwamba njiwa si kuku wa kufungiwa, kwamba asiyeona anga anaugua moyo. Aliendelea hivyo kwa muda, kwa ufasaha, mpaka Mama Risiti, ambaye wiki nzima hakuwa amepaza sauti, akamkatiza.

"Shemeji, ama wafungwe njiwa, ama nifungwe mimi. Chagua."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, na kiganja cha dobi kikatoka juu ya karatasi.

Alhamisi Mama Risiti hakuuliza mtu jina lake. Alisimama milangoni na karatasi ya dobi mkononi, akawaita kwa majina yote matatu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kidole alidondosha kisu, akasema alidhani mama yake kafufuka. Babu Manyoya alitia saini haraka ili Mama Risiti asirudie kulitamka lile jina kwa sauti. Waliona kwamba majina yao yalishaingia ofisini zamani, kwa mikono yao wenyewe, na aliyekwisha lowa haogopi mvua. Wachache bado walikataa. Bwana Kesho aliomba mpaka kesho, ila safari hii alitoa kitambulisho kama rehani.

Ijumaa alikaa kwenye foleni ya ofisi ya kodi kuanzia milango ilipofunguliwa. Msichana yule alilinganisha karatasi kwa karatasi, akapiga muhuri, akamrudishia nakala. Deni halijafutwa. Limesimamishwa wakati wakubwa wake wanaangalia, na wakubwa wanaweza kuangalia kwa miezi. Aliambiwa pia kwamba hela ya chama isipite tena kwenye simu yake, hata ya mtama wa kopo moja.

Hilo ndilo alilolishika. Anataka kabla ya mkutano mkuu chama kiwe na akaunti yake, yenye saini tatu, na hata moja isiwe ya kwake. Halafu akabidhi daftari. Anasema anataka simu ikilia iwe ni mtu anayehitaji gauni.

"Sijui tu nitamkabidhi nani," anasema. "Nikimtazama mtu usoni, anainama kumkagua njiwa wake kucha."

Alasiri anarudi nyumbani miguu imevimba, viatu amevivua njiani na kuvishika mkononi. Sare za watu hazijaguswa tangu Jumatano na shule zinafunguliwa wiki ijayo. Uani kwa jirani, dobi anaanua mashuka meupe, vibanio vya kamba mdomoni. Anavitoa kwanza ndipo anauliza.

"Wamesemaje?"

"Wamesema wataangalia."

Dobi anatikisa kichwa polepole, analikunja shuka pembe kwa pembe. Mama Risiti anasema huenda wakakubali, huenda wakakataa, yeye amechoka hata kukisia. Anageuka kwenda kwake, cherehani inamsubiri.

"Huko unakwenda kwa nani?" dobi anamwambia. "Watu wako wote wako kwangu wanakula. Mama mkwe wako ndiye kakalia kiti changu, na binti yako kashapakua mara ya pili. Umebaki wewe. Ingia."