Samaki mmoja kwanza

Tone moja linaanguka kwenye ndoo. Linafuata jingine. Bi Shamsia Anwar amekaa kwenye kigoda, ndoo nyeupe ya plastiki ameibana kwa magoti, na macho yake hayatoki kwenye mpira mwembamba unaoshuka kutoka kwenye tangi kubwa la kioo.

Ndani ya ndoo yumo samaki mmoja, mdogo kuliko kidole gumba, wa rangi ya chungwa na mistari mitatu myeupe. Amefika Kibosho asubuhi hii kutoka Dar es Salaam, kwa lori. Sirili, dereva, alimweka kwenye mfuko wa maji, mfuko kwenye boksi, na boksi akalifunga mkanda kwenye kiti cha mbele kama abiria aliyelipa nauli.

"Maji aliyokuja nayo siyo maji ya hapa," anasema Bi Shamsia bila kuinua kichwa. "Ukimtumbukiza hivi hivi anashtuka, anakufa. Unampa tone tone mpaka mwili wake ukubali. Nimemsubiri tangu Machi, nitashindwa kusubiri leo?"

Sebule aliyokaa ni kubwa. Ina viti kumi na viwili, vyote vimefunikwa mashuka. Nje ukungu umekalia migomba na mibuni, na Mlima Kilimanjaro hauonekani. Sauti pekee ndani ya nyumba ni ya pampu ya tangi, inayonguruma polepole kama paka aliyeshiba.

Samaki huyu akiishi, watoto wa mwenye nyumba watakuja Krismasi. Akifa, tangi litavunjwa, nyumba itafungwa, na Bi Shamsia atarudi mjini Moshi kuanza upya akiwa na miaka hamsini na saba.

Ni mwenyeji wa Njoro, mtaa wa mjini Moshi. Mumewe, marehemu Sadallah, alikuwa fundi bomba, na mabomba yote ya nyumba hii yalipita mikononi mwake. Alipofariki, mwenye nyumba, Denis, mfanyabiashara wa malori anayeishi Dar es Salaam, alimwomba mjane aje kuitunza. Ni mwaka wa tano sasa. Analipwa shilingi laki mbili kwa mwezi, na chumba cha nyuma cha kulala.

Nyumba za aina hii ziko nyingi huku mlimani. Watu wametoka kwenda kutafuta maisha, wakapata, wakarudi kujenga nyumbani kwenye kihamba, shamba la urithi la baba. Wanakuja Desemba, wanachinja, wanakula, wanasali, wanaondoka. Miezi mingine kumi na moja nyumba zina mtu mmoja tu wa kufungua madirisha.

Bi Shamsia hufungua madirisha ya vyumba kwa zamu, leo viwili, kesho viwili. Anavuta maji ya vyoo ambavyo hakuna aliyevitumia, mabomba yasikauke. Anachemsha maji ya kikombe kimoja. Redio haizimi, eti wezi wasikie kuna watu. Kisha anakubali mwenyewe kwamba wezi huku hawajapata kuwasumbua.

"Mwanangu Raya ameolewa Dodoma, ananipigia Ijumaa," anasema. "Siku nyingine naongea na sufuria. Lakini Januari ndiyo mbaya. Unasikia mageti yanafungwa, moja, jingine, mpaka la mwisho. Halafu kimya."

Tangi lililetwa Desemba ya mwaka jana. Mtoto wa mwisho wa Denis, Evelyn, ambaye sasa ana miaka minane, alipelekwa kuona matumbawe kwa boti yenye sakafu ya kioo, akarudi hana habari nyingine mdomoni. Baba akaona aijengee nyumba ya mlimani bahari yake ndogo, labda watoto wangeacha kulalamika kwamba Kibosho ni baridi na hakuna cha kufanya.

Akaleta samaki kumi na mmoja Desemba hiyo hiyo. Tangi lilijazwa maji siku mbili kabla. Watoto walishangilia, mifuko ikafunguliwa, samaki wote wakamiminwa kwa pamoja. Bi Shamsia alikuwa jikoni akikoroga mtori wa wageni, hakuulizwa, wala hakujua kwamba ni kosa.

Siku ya pili ya Krismasi, Evelyn aliamka wa kwanza. Akawakuta wanaelea.

"Hakupiga kelele," anakumbuka Bi Shamsia. "Alikuja jikoni akanishika gauni, akaniambia, bibi, wamelala juu. Nikajua."

Mtoto hakutaka tena kukanyaga sebuleni. Familia iliyokuwa ikae mpaka baada ya mwaka mpya ikafunga mizigo kesho yake. Mashuka yakarudi juu ya viti kabla Desemba haijaisha, na chapati alizokuwa amepanga kuwakandia hazikupikwa.

Ilipofika Machi, Bi Shamsia alimpigia Denis akamwomba amwache alijaribu tangi yeye mwenyewe. Denis alikubali, ila alisema wazi. "Mama Raya, likishindwa tena, mimi watoto nawapeleka Zanzibar kila Desemba. Ile nyumba nitaifunga, niweke mlinzi wa getini, basi."

Aliyemfundisha ni Jacob, fundi wa matangi wa Dar es Salaam, kwa simu. Jacob alimweleza kwamba uchafu wa samaki ni sumu kwa samaki mwenyewe. Wapo vijidudu wasioonekana ambao huula uchafu huo, lakini wanazaliana polepole, kwenye mawe na mchanga. Tangi jipya halina. Inabidi wazaliwe kwanza.

Basi akaanza. Alikinga maji ya mvua, akayachuja, akayachanganya na chumvi maalumu ya bahari inayouzwa kwa ndoo, akapima, akapanga mawe. Ndani akatupia kipande cha kamba wa baharini alichonunua sokoni mjini, kioze, kiwe chakula cha hao wasioonekana. Kila siku mbili alitia matone ya dawa kwenye kichupa cha maji ya tangi. Yakigeuka kijani, sumu bado ipo. Yakiwa ya njano, kuna matumaini.

Mawe yakaota utando wa kahawia, mbaya kuutazama. Mikono ilimwasha kuusugua, maana yeye ni mtu wa usafi. Jacob akamkataza. Utando ukageuka kijani, ndipo akaletewa konokono wanne wa kuula. Baridi ya Julai ilipoingia hakuzima hita hata mara moja, na umeme ukikatika aliwasha jenereta kabla hajajiwashia taa. Maji yakipungua aliongeza ya mvua tu, yasiyo na chumvi, kwa kuwa maji hupaa na chumvi hubaki.

Jirani yake, Mama Mektrida, mwenye miaka sabini na moja, alikuwa anapita karibu kila siku kutoka kukata majani ya ng'ombe. Anabisha hodi, anaegemea kioo.

"Hodi kwa mlinzi wa maji. Hujajifungua tu?"

"Shikamoo mama. Mimba bado changa."

"Marahaba. Hiyo mimba itazidi ya tembo."

Wote wawili wanacheka. Mektrida ndiye aliyemtia moyo, kwa kumpigia mfano wa mbege, pombe yake ya ndizi. Ndizi zikishachemshwa zinafunikwa zichachuke, na hapo hata mjukuu haruhusiwi kuinua kifuniko. Bi Shamsia hanywi mbege, lakini hilo alilielewa vizuri kuliko maelezo ya simu.

Mwishoni mwa Oktoba maji yalikuwa ya njano kwa wiki tatu mfululizo. Denis alishaambiwa ajiandae. Ndipo ukatokea msiba Njoro, Bi Shamsia akashuka siku mbili, akamwachia Mektrida ufunguo na kidumu cha maji ya kuongezea.

Aliporudi alisikia harufu mlangoni. Kichupa kilipopimwa kikageuka kijani cha jani la mgomba. Akachungulia, akamkuta perege amelalia ubavu mchangani. Wa pili alikuwa amekwama nyuma ya mawe. Ikabidi atoe jiwe moja moja, mpangilio wa miezi saba, mpaka amfikie.

Perege ni samaki wa maji baridi. Mektrida aliwatoa kwenye bwawa la shemeji yake, akawabeba kwenye sufuria, akawatia tangini kwa furaha. Hakuwa na wazo kwamba yale maji yana chumvi ya kuua.

Siku ya pili yake bibi huyo alisimama mlangoni bila kubisha. Mkononi alishika tawi la isale, jani lake limefungwa fundo, namna Wachaga wanavyoomba msamaha.

"Nilikuonea huruma, Mama Raya," alimwambia. "Mtu mzima, mwaka mzima unalinda maji hayana hata kitu. Nikasema nikuletee wa kukaa naye."

Bi Shamsia anaposimulia hapa anaangalia tone linavyoanguka.

"Mimi ni mtoto wa mjini, lakini nimezaliwa Moshi. Isale naijua. Ukishaletewa huna la kusema tena. Nilikuwa na hasira, ndiyo. Lakini nilipomsikia, nikaona kumbe kuna mtu anaona ninavyokaa." Tawi alilichomeka kando ya baraza. Limeshika mizizi.

Kilichobaki kilikuwa simu kwa Denis, nayo ilikuwa nzito. Tayari Denis alikuwa amelipia samaki tisa, na lori linaondoka Ijumaa. Bi Shamsia akamwambia asilete.

"Watoto nishawaambia," Denis alisema.

"Waambie bado. Ukileta samaki sasa, baba, Evelyn atawakuta juu tena."

Denis akasema sawa, ila hakusema kama watakuja. Kwa wiki tano Bi Shamsia alibadilisha maji kidogo kidogo, ndoo moja moja, bila kujua kama anafanya kazi ya Krismasi au ya kufungasha. Wiki iliyopita kichupa kikawa cha njano, na kikabaki hivyo. Akaomba mmoja. Mmoja tu.

Mchana umefika. Anatumbukiza kikombe kwenye ndoo, anamkinga samaki, anakishusha polepole ndani ya tangi na kukiinamisha. Samaki anatoka, anasimama kidogo katikati ya maji yote yale, kisha anakimbilia nyuma ya jiwe.

Simu inalia. Ni Evelyn, kwa simu ya baba yake.

"Shikamoo bibi. Ameingia?"

"Marahaba. Ameingia."

"Yuko peke yake?"

"Yuko peke yake."

"Anaogopa?"

"Kidogo. Atazoea."

Mtoto anauliza wengine watawekwa lini. Bi Shamsia anasogea dirishani. Anamwambia Krismasi hii watamwangalia huyu mmoja tu, wamjue. Wa pili Pasaka. Wa tatu likizo ya Juni. "Na mimi siwaweki, mjukuu wangu. Nakusubiri wewe uje uweke kwa mkono wako."

Upande wa pili anasikika Evelyn akimwita baba yake, akimwambia bibi amesema Pasaka. Denis anachukua simu. Anasema Krismasi wanakuja, tarehe ishirini na mbili. Hiyo ya Pasaka wataizungumza.

Akishakata simu, Bi Shamsia anarudi kutazama jiwe. Pua ya rangi ya chungwa imechomoza, imerudi, imechomoza tena.

"Fundi Jacob anasema mwezi mmoja ungetosha kumwongezea mwenzake," anasema, na anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mimi nimesema Pasaka."

Anavua shuka kwenye kiti kimoja, analikunja, anakigeuza kiti kiangalie tangi. Vingine anaviacha kwanza.