Mji Aliouacha Mwalimu Mkuu

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, ni karani wa masjala. Tunamwita Kabati kwa sababu hatupi kitu jalalani. Miaka ishirini na sita ya kuishi na majalada imemfundisha kwamba karatasi yenye nakala moja imekwisha kupotea.

Michezo ya kompyuta nayo huitunza hivyo hivyo. Hulinganisha maduka ya mtandaoni kama anayechunguza ukoo wa mchumba. Moja linakupa faili nzima ya kusakinisha, uiweke utakako. La pili haliifungi michezo kwa kufuli, ila hupakui bila programu yao. La tatu linasema umenunua, kumbe umekaribishwa tu. Wakifunga mlango, unabaki nje. Kila faili huijaribu kwenye kompyuta kuukuu, waya wa mtandao ameuchomoa, naye haketi mpaka mchezo ufunguke.

Jumatatu alinijia hata chai hakutaka. Duka alilotumia mume wangu lingefungwa Ijumaa. Mume wangu, mwalimu mkuu aliyeheshimiwa na kuogopwa, alikuwa amejenga mji ndani ya mchezo kwa miaka minne. Neno la siri la akaunti yake ya dukani nilikuwa nalo mimi.

"Shemeji, nipe nipakue. Mji ninao, nakala tatu. Mchezo wenyewe sina."

"Umetunza ufunguo ukasahau nyumba."

"Utanicheka Jumamosi. Sasa hivi nipe."

"Na hiyo diski utakayouweka ikiokotwa? Waseme mwalimu mkuu alikuwa akicheza kama mtoto?"

"Watasema alijenga reli. Kwani wewe ulidhani anafanya nini mle chumbani, anasahihisha mitihani?"

Ndivyo nilivyodhani.

Jumatano nilimpa, kwa sharti moja: diski isiandikwe jina.

Alhamisi alichomoa waya, akasakinisha mbele yangu. Kazi ikakwama katikati. Akaanza tena, ikakwama palepale. Alizunguka meza mpaka nikapata kizunguzungu mimi, kisha akajipiga paji la uso. Dukani faili zilikuwa mbili, jina moja, namba moja na namba mbili. Kwa mtu wa masjala, hizo ni nakala ya kwanza na ya pili. Basi alikuwa amechukua ya kwanza tu, akainakili mwenyewe mara tatu. Kumbe zile za dukani zilikuwa nusu mbili za kitu kimoja.

"Miaka ishirini na sita," nikamwambia.

"Usimwambie mtu."

Ijumaa hakwenda kazini. Kurasa za duka zilijivuta, zikakatika mara mbili. Saa sita mchana nusu ya pili ilishuka. Akachomoa waya. Safari hii nilisimama na mimi.

Mji ukafunguka. Treni zilikuwa zinatembea. Shule ameiweka juu ya kilima, bila shaka, na barabara zote zinaishia getini kwake.

Kabati akabandika kibandiko kitupu juu ya diski. "Kama ulivyotaka."

"Jalada lisilo na jina huishia wapi huko kwenu?"

"Hupotea."

"Basi andika. Jina lake kamili, na cheo."