Utani wa Upande Mmoja

Jumatatu nilikwenda shule ya wasichana huku Ngamiani kumwombea ruhusa mjukuu wangu. Mwalimu Mkuu alikuwa na kesi ofisini, nikaambiwa nisubiri. Nikaketi karibu na mlango, na masikio sikuyaziba.

Kesi ilikuwa ya binti mwenye kigugumizi. Mwezi mzima hakufungua kinywa darasani, kwa sababu mwenzake alimwigiza kila alipoitwa kusoma. Sasa baba yake amekuja na baiskeli kumwondoa shule moja kwa moja.

"Mimi mtani wake, Mwalimu," akasema yule mwigizaji, shingo kailegeza kama bibi harusi. "Tangu mababu zetu ni watani."

"Kumbe?" Mwalimu akamgeukia mwenye kigugumizi. "Basi mwanangu, mtani haombi ruhusa. Chukua chake chochote ukipendacho."

Binti akauvuta mfuko wa mwenzake, akatoa maandazi mawili. Moja akampa baba yake, la pili akalitafuna polepole, macho kayakaza kwa mtani wake.

"Mwalimu, anakula chakula changu."

"Mtani hanuni."

"Mtani," akasema binti, "cha-chai i-iko wapi?"

Hakucheka mtu ila baba yake, naye alicheka mdomo umejaa andazi. Baiskeli ikarudi nyumbani na mtu mmoja.

Nanyi wazazi mnaopenda kusema "ni utani tu wa watoto", hebu niambieni: mwanenu amekwisha kuliwa andazi lake?