Pembe za Alfa

Shangazi yangu huchonga mawe ya makaburi. Bamba likishalazwa mezani haligeuzwi tena, kwa kuwa ni zito na kingo zake huvunjika upesi. Anayezunguka ni yeye, patasi mkononi, taratibu, kama mtu atembeaye ndani ya usingizi wake mwenyewe. Vumbi jeupe humtua kwenye kope. Ukimwita, huitika baada ya kitambo, kana kwamba anarudi kutoka mbali.

Ndivyo alivyokosea. Mjane mmoja aliagiza Alfa na Omega, herufi za Kigiriki za mwanzo na mwisho, kwenye kona mbili za juu za jiwe la mumewe. Shangazi akaichonga Alfa, iliyo kama A kubwa, akiwa amesimama upande wa pili wa meza. Tulipolisimamisha jiwe, Omega ilikaa sawa, lakini Alfa ilikuwa kichwa chini, miguu juu.

Mjane alipofika, shangazi hakumficha.

"Dada, nimeharibu. Nikiziba, kovu litaonekana. Na jiwe jingine halitawahi siku yenu ya kulisimika."

Mjane alilitazama kwa muda. "Mwanzo wake umepinduka! Watu watanielewaje?"

"Aliyenifundisha kazi alisema herufi hii ilizaliwa hivi," shangazi alijibu polepole. "Wafoinike, watu wa kale, walichora kichwa cha ng'ombe, wakaiita kwa jina la ng'ombe. Ikageuzwa-geuzwa, na mikononi mwa Wagiriki pembe zikawa miguu."

"Usinibembeleze kwa historia, fundi. Mume wangu hakuwa Mfoinike."

"Sikubembelezi. Ni kosa, na ni langu."

Mjane akatia kidole ndani ya mchongo, akaufuata kutoka ncha ya juu hadi chini, penye pua ya ng'ombe, kisha akaupanda upande wa pili. Akarudia tena, macho yamefumbwa.

"Maisha yake yote alilima kwa maksai," alisema. "Akiamka, aliwasalimu wao kwanza. Mimi baadaye, nafasi ikipatikana." Akacheka huku machozi yakimlengalenga. "Mke mwenza mwenye pembe!"

Shangazi aliinamisha uso, asijue kama ameruhusiwa kucheka.

"Liache lilivyo. Shemeji zangu wakiuliza, nitawaambia ni maksai wake."

"Waambie pia kwamba fundi alikosea."

"Nitawaambia yote mawili."

Shangazi akaushika ukingo wa jiwe. "Nimtie maksai macho?"

"Hapana, fundi wee! Inatosha. Usije ukakosea tena."

Shangazi akaiweka patasi mezani.