Shati la Vifungo Vitano

Wateja walimpachika jina la Fundi Kesho, na msidhani walimwonea. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu, atakupima, atakusifia umbo, atakuapia kwamba Alhamisi utavaa. Alhamisi ukifika, utamkuta amebana pini mdomoni na jibu ni lile lile: "Bado, njoo kesho." Watu walinung'unika, wakaondoka, wakarudi, kwa sababu mshono wake haukujikunja na kola zake zilikaa shingoni zikatulia.

Mama huyu alifanya kazi katika chumba cha mbele, cherehani mlangoni kufuata mwanga. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda, meza na jiko. Kando ya cherehani, kwenye kigoda, alikaa binti yake wa miaka kumi na tisa, ambaye alimwita Bibie tangu akiwa mchanga, maana hata kulia alilia kwa madaha. Kazi ya Bibie ilikuwa kuchambua mabaki ya vitambaa: vyekundu huku, vya buluu kule, vya maua peke yake. Hakukosea hata siku moja. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabika: mama, maji, nyekundu, na "bado", ambalo alilidaka kwa mama yake.

Kila kitu Bibie alichelewa. Alitembea ana miaka minne. Shule ya kwanza walimkalisha nyuma kabisa, karibu na mlango, mihula miwili, kisha mwalimu akamvuta mama pembeni: "Mama, si kwamba hatumpendi. Hatuna mtu wa kumfundisha mtoto wa namna hii." Shule ya pili hawakumpa hata kiti. Baba yake naye akaenda mbali kutafuta kazi, na nadhani mpaka leo anaitafuta. Wakabaki wawili.

Sisemi majirani walikuwa wabaya. Walisalimia vizuri sana, ila walisalimia wakitembea. Dada yake Fundi alipokuwa anamwoza binti yake, alipiga simu: "Mdogo wangu, usikose. Lakini Bibie... si unajua watu walivyo? Mwache kwa mtu." Kwa mtu gani? Fundi alishona gauni la bibi harusi, akalituma, hakwenda. Siku ile alizungumza na Bibie kutwa nzima, habari za mapindo na marinda, na Bibie akachambua vitambaa vyake bila kujibu. Mtu anaweza kuwa na mwenzake chumbani asubuhi hadi jioni na upweke ukamkaa mpaka kwenye mifupa. Fundi alikuwa hivyo, ingawa ungemuuliza angekwambia yuko salama salimini.

Asubuhi moja kizunguzungu kikamwangusha. Alipofumbua macho alikuwa sakafuni, na jua lilishafika utosini. Bibie alikuwa palepale kwenye kigoda, na nguo yake ya kulalia, njaa imemkausha midomo. Alikuwa anasubiri apewe nguo, apewe chai. Hakuna aliyepita kuuliza kwa nini cherehani imenyamaza. Fundi aliinuka kwa kushika ukuta, akampa nguo, akammiminia chai. Nisipoamka je? Huyu ataishije?

Tangu siku hiyo alikuwa kiguu na njia, akimtafutia Bibie mahali pa kufundishwa kujitegemea. Ofisi ya kwanza ilimwelekeza ya pili, ya pili ikamrudisha ya kwanza. Mwishowe ni mteja wake mmoja, muuguzi aliyekuja kupunguza sare kiunoni, aliyemwambia kuna kituo kinachofundisha vijana kama Bibie kupika, kufua, kushona na kulima bustani. Wanalala hukohuko, mwisho wa wiki wanarudi nyumbani. "Ila wahi, dada yangu," alisema muuguzi. "Nafasi zenyewe za kugombania."

Mwalimu mkuu wa kituo alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, anayeongea polepole. "Hapa hatuangalii kusoma wala kuandika," alieleza. "Lakini mlezi tunaye mmoja kwa vijana kumi na wawili. Kwa hiyo tunaomba kijana ajimudu mezani, chooni na kwenye kuvaa."

"Nikimpa nguo anavaa mwenyewe," Fundi alijibu upesi, na hakudanganya.

Mwalimu akaweka mezani shati la sare, jeupe, vifungo vitano. Bibie aliingiza mkono wa kulia, akaingiza wa kushoto, vizuri kabisa. Kisha akasimama, shati wazi mbele. Akalivuta chini. Akalivuta tena. Akamgeukia mama yake. Kabla Fundi hajajua kwamba ameinuka, vidole vyake vilikuwa vimeshafika kwenye kifungo cha pili.

"Mama, naomba ukae," alisema mwalimu. Fundi akarudi kitini. "Nyumbani huwa anavaa nguo gani?"

Fundi akamtazama binti yake. Gauni alilokuja nalo alilishona yeye: lastiki shingoni, lastiki kiunoni, lastiki mikononi. La jana lilikuwa hivyo hivyo, na yote yaliyotangulia. Alifanya hivyo ili mtoto asihangaike. Nusu ya mji ilivaa vifungo alivyovitia yeye.

"Mimi ni fundi cherehani," alisema. "Hajawahi kuvaa nguo yenye kifungo."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Mwalimu hakumcheka wala hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alisema nafasi ataishikilia wiki sita. Zikipita, kuna familia nyingine inasubiri.

Jioni ile Fundi alimwaga kopo la vifungo mezani, akachagua vya makoti, vikubwa, vyekundu kwa kuwa Bibie alipenda nyekundu. Akavitia kwenye kipande cha kitambaa, akakata matundu mapana, akakitandika mapajani mwa binti yake. Bibie alikitazama, akakivuta, akakirusha barabarani. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya nne uvumilivu ukamwishia Fundi, akamfungia mwenyewe kimoja, kimoja tu, na Bibie akapiga makofi. Siku mbili zilizofuata hakukigusa tena kile kitambaa. Alikuwa anamngojea mama.

Basi Fundi akaanza kukalia mikono yake. Sitanii. Aliiweka chini ya mapaja, akaikandamiza, akakaa mbele ya Bibie. Wateja walimkuta hivyo, nguo zao zimelala kwenye rundo.

"Fundi, gauni langu?"

"Bado. Njoo kesho."

"Na mikono imefanya nini?"

"Iko kazini."

Wiki ya tatu kifungo kimoja kikapita tunduni, Bibie akakichungulia upande wa pili kuona kama kweli kimefika. Fundi alilia waziwazi, mikono bado chini ya mapaja. Akapunguza ukubwa wa vifungo, vikawa vya gauni, kisha vya shati. Akamwanzisha chini, mahali ambapo macho yake yanafika, ndipo apande juu.

Siku ya mwisho ya wiki ya sita, Bibie alivaa lile shati jeupe mbele ya mwalimu. Saa ya ukutani ikawa inagonga. Cha kwanza, cha pili, akapumzika. Cha tatu, cha nne. Cha tano kikakosa tundu. Upande mmoja ulikuwa umezidi. Aliruka tundu tangu mwanzo. Ufundi wote wa Fundi ulimwashia vidoleni, akaikandamiza mikono chini ya mapaja kwa nguvu zote.

"Umemaliza, Bibie?" mwalimu aliuliza.

Bibie akatazama chini, akaona pindo halilingani.

"Bado," alisema.

Akavifungua vyote, akaanza upya.

Jumatatu iliyofuata alivaa sare yake nyumbani, peke yake. Fundi alinyoosha mkono kumweka kola sawa, na Bibie akausogeza mkono ule pembeni, kwa upole, akaiweka mwenyewe. Kwenye geti la kituo mlezi alimpokea begi. Bibie alikwenda naye bila kugeuka nyuma.

Fundi alirudi. Alikuwa ameomba jambo hili miaka na miaka, na katika maombi yote hayo hakukumbuka kuuliza litakapokuja yeye atakuwa nani. Aliwasha jiko, akamimina chai vikombe viwili, akairudisha ya kimoja kwenye birika. Chumba kilikuwa kidogo, lakini siku ile kilimzidi. Alishona ili asikie cherehani. Alishona gauni la wiki iliyopita, la mwezi uliopita, hata sketi ambayo mwenyewe alishaisahau. Jumatano asubuhi hakukuwa na kitambaa hata kimoja kilichobaki.

Mchana ule mteja mmoja alifika na maneno yake tayari mdomoni. Alimkuta Fundi ameketi, uso umeelekea kigoda kilicho tupu, na mikono yote miwili ameikalia.

"Fundi, gauni langu usiniambie bado."

"Limekwisha," alijibu Fundi. "Tangu jana."

Mteja akasimama mlangoni, akisubiri ainuke amletee.