Gari Lililotoka Uani Siku ya Idi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo uzee umeshindwa kuninyang'anya. Kaburi la baba yangu lilikuwa bado halijaota majani. Nilikuwa nimelala chali chini ya gari, uani kwetu Shinyanga mjini, nikasikia viatu vikikanyaga changarawe, kisha sauti ya baba mdogo Hamisi: "Toka huko, Zaituni. Mwenye gari amekuja."

Nikatoka, grisi imenijaa mpaka shingoni. "Shikamoo, baba mdogo. Mwenye gari ndiye nani?"

"Marahaba. Huyu hapa."

Alikuwa Doto, mnunuzi wa dhahabu wa kule Bulyanhulu, mtu mnene asiyevua koti hata jua likiwa la utosi. Alitaka kulikata lile gari nyuma, alifunge sanduku la mbao, abebee mawe ya wachimbaji. Walikwisha kuelewana. Mimi sikuulizwa.

Ngoja kwanza nikueleze gari lenyewe, maana usipolijua utadhani tuligombania chuma chakavu. Baba alikuwa fundi wa magari, mzaliwa wa Pangani aliyekuja bara na malori, akamwoa mama, Msukuma wa Kharumwa, na pwani hakurudi tena. Mama alifariki nikiwa mdogo, nikakulia miguuni pa baba, kati ya spana na makopo ya grisi. Mgodi wa wazungu kule Geita ulipofungwa, wenyewe waliondoka na kuacha vitu vingi vikioza. Kimojawapo kilikuwa hilo gari: la watu wawili tu, pua ndefu kama ya mamba, magurudumu yenye njiti za waya kama ya baiskeli, boneti inayofunguka pande mbili kama mbawa za kumbikumbi. Injini ilikwisha kuibwa, na beji ya puani ilikuwa imeng'olewa. Hakuna fundi, si wa Mwanza wala wa Tabora, aliyeweza kutuambia ni gari gani. Baba alilileta juu ya lori, akawa analipangusa kila Jumapili kama mtu anayemwogesha farasi. Aliniambia, "Hili tutalipa moyo wa lori, Zaituni, tuone litakimbia vipi." Mauti yakamkuta kabla.

Sasa rudi nami uani. Nilimtazama Doto, nikamtazama baba mdogo, nikasema, "Gari hili haliuzwi."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," baba mdogo akasema. "Ua huu sasa uko mikononi mwangu. Mtoto wa kike atakuwa fundi wa nani? Utakaa humu kwa heshima, nitakutafutia mume, lakini chuma hiki kiondoke. Idi ikifika, Doto anakuja kukivuta."

"Na kikiondoka chenyewe kabla hajaja?"

Doto akacheka mpaka koti likatikisika. Baba mdogo hakucheka. "Kikitoka chenyewe, nawe toka nacho, usirudi. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi!"

"Basi Idi yenyewe si mbali," nikamjibu, nikarudi chini ya gari.

Usidhani nilikuwa jasiri, mwanangu. Nilirudi chini ya gari ili wasinione usoni. Wiki ile ile nilidandia lori nikaenda Kharumwa kwa bibi yangu Minza, mama yake mama. Nilimkuta anapepeta mpunga. Nikamweleza yote, nikamwuliza: Je, niende kwa imamu amsihi baba mdogo? Au nimpigie magoti mwenyewe, aniongezee muda? Au bibi aende kunisemea?

Bibi aliweka ungo chini. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Kwa imamu utaomba, kwa baba yako mdogo utaomba, na kwangu umekuja kuomba. Siku ya kuliwasha utamwomba nani? Ninyi watoto wa mjini mnapenda ruhusa kuliko chakula! Baba yako alipokuja hapa hakuniuliza kama Mswahili wa pwani anaweza kuoa kwetu. Alikuja na ng'ombe wake, akasema amekuja kuoa. Nilimchukia msimu mmoja, nikampenda mpaka leo. Mikono unayo, chuma unacho. Hapa kwangu unatafuta nini?"

Machozi yalinitoka, maana nilitegemea kubembelezwa. Hakunibembeleza. Alinifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa, akanisindikiza hadi barabarani, na lori lilipokuja akasema, "Likiwa tayari, niite. Nitapanda."

Nikarudi, na kazi ikaanza kwa kweli.

Nilipogonga bati, nikagundua kuwa chini yake gari lilikuwa na mifupa ya mbao, na mchwa walikuwa wameila yote. Ukibonyeza mlango, unabonyea kama andazi. Baba mdogo alipoona alifurahi, akadhani mambo yamekwisha. Lakini mjini kwetu palikuwa na seremala aitwaye Petro, Msumbwa wa Ushirombo aliyejifunza ufundi kwa mapadri, mtu wa maneno machache aliyeimba nyimbo za kanisani huku akipiga randa. Alilizunguka gari, akaweka sikio kwenye mlango kama daktari, akasema, "Mbao zimekufa, lakini umbo bado lipo." Akachonga mifupa mipya ya mninga, mmoja mmoja, kwa kufuata alama za vumbi lililoachwa na ile ya zamani.

Injini tuliitoa kwenye lori la pamba lililopinduka njia ya Kahama. Mwenye lori alinipa kwa sharti kwamba nimfufulie lori lake jingine, nikalifufua. Ilikuwa injini ya silinda sita, na haikutaka kuingia. Tulikata ukuta wa mbele, tukasogeza viti nyuma mpaka dereva akawa anakaa karibu juu ya ekseli. Chesisi tuliitia nguvu kwa vipande vya reli za vitoroli vya mgodini. Madigadi tukayatoa, paa tukalitoa. Boneti haikuweza tena kufunika kitu, tukaiacha injini uchi, inang'aa. Mabomba mawili ya moshi tukayapitisha ubavuni, bila kizuia sauti.

Ilikuwa miaka ya shida, mwanangu. Petroli ilipatikana kwa foleni, vipuri kwa kujuana. Watu walisimama kwenye uzio kututazama, na kila mmoja alikuwa na swali lile lile.

"Litabeba magunia mangapi hili?"

"Halibebi gunia hata moja."

"Sasa lina faida gani?"

"Linakimbia."

Walitikisa vichwa. Wengine walisema nimerogwa, wengine kwamba kifo cha baba kimenipanda kichwani. Wakaliita Kichaa, na jina nikalipokea. Ramadhani ikaingia, nikachomelea vyuma nikiwa na swaumu, midomo imekauka kama gome. Petro hakuwa Mwislamu, lakini sikumwona hata mara moja akinywa maji mbele yangu.

Mwezi ulipokaribia kwisha tukalijaribu. Likawaka, likatoka uani, likafika sokoni, na hapo hapo shafti ikakatika. Kipande kikaburura chini kikirusha cheche, wauza nyanya wakakimbia, kisha soko zima likacheka. Doto alikuwepo, kama aliyeitwa. Alilipigapiga gari ubavuni kama ng'ombe wa mnada, akaniambia taratibu, "Usilichoshe, binti. Nalihitaji likiwa zima."

Tulilisukuma mpaka nyumbani, mimi na Petro, katikati ya vicheko. Baba mdogo alikuwa mlangoni. Sikumwangalia. Wahenga wamesema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nami nikaona wahenga hao walikuwa mafundi. Shafti ya lori ilikuwa ndefu mno, tukaikata, tukaiunga, tukaipima mpaka ikazunguka bila kuyumba. Nikampelekea bibi ujumbe.

Asubuhi ya Idi, watu walipotoka kuswali, ua ulijaa wageni wa baba mdogo. Pilau ilikuwa inanukia. Doto alikuja na lori lake na kamba ya kuvutia, amevaa kanzu, na koti lake juu ya kanzu. Alipokaribia gari alisimama ghafla. Bibi Minza alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha abiria, kitenge kimefungwa kichwani mara mbili, mkoba mapajani.

"Mama, shuka," Doto akasema kwa adabu. "Gari hili nalichukua."

"Chukua," bibi akajibu. "Mimi ni mzito?"

Wageni wakaanza kucheka. Petro akaniinulia kidole kuwa petroli imefika kwenye injini. Nikaingia, nikabonyeza stata. Ikakohoa, ikazima. Nikabonyeza tena, na silinda zote sita zikashika. Sauti ilitoka kwenye yale mabomba kama nyati aliyekurupushwa, kuku wakaruka juu ya bati, na mgeni mmoja akamwaga sahani nzima ya pilau kifuani. Baba mdogo alisimama katikati ya geti, mikono kiunoni. Nilipeleka gari polepole mpaka mbele yake.

"Ukitoka, Zaituni," alisema, "umetoka."

"Idi njema, baba mdogo," nikasema. Akapisha.

Tulishika njia ya Kahama. Kiangazi kimeikausha mbuga, barabara nyeupe, hakuna mtu. Nikakanyaga. Mwanangu, sitakudanganya kwa maneno makubwa: upepo ulinitoa machozi, usukani ulitetema mpaka meno, na nilijua baba alikuwa sahihi kuhusu ule moyo wa lori. Nilidhani bibi anaogopa, nikapunguza. Akanipiga paja kwa kiganja.

"Mbona umelegea? Ongeza!"

Nikaongeza. Alicheka mpaka akashika mbavu, akawa anarudia, "Wabeja! Wabeja!" na sijui alikuwa anamshukuru nani kati yetu.

Ua sikuurudia tena. Baba mdogo aliuuza. Nilianza upya Masumbwe, chini ya mabati manne kando ya barabara, nikila matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikaanikwa, na chai ya rangi, nikitengeneza malori ya watu ambao mwanzoni waliuliza fundi yuko wapi huku wananitazama usoni. Ilinichukua miaka kuaminiwa. Baba mdogo alikufa hajanisamehe, nami sikumwomba msamaha, kwa kuwa sikuona kosa. Nililia msibani kwake, kwa sababu alikuwa damu yangu. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja moyoni bila kugombana.

Miaka ya themanini alipita Masumbwe mzungu mmoja, mzee, mpenda magari ya kale. Alipoliona gari langu alilitambua, akashika kichwa. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba yalitengenezwa machache sana duniani, na kwamba nimeliharibu. Alikuwa karibu kulia, na nilimhurumia kweli.

"Mzee," nikamwambia, "lilipokuwa zima mlilitupa. Hili ni lingine, nimelizaa mimi. Panda."

Akapanda. Aliporudi nywele zimesimama, hakusema tena neno kuharibu.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Waheshimu wakubwa zako, waamkie, wasikilize mpaka mwisho. Lakini ukishawasikiliza, kumbuka kuwa atakayeishi maisha yako ni wewe. Kazi ya halali uipendayo usiisubirishe mpaka kila mtu aielewe. Wengi wataielewa ikishakwisha, na wengine hawataielewa kamwe, na jua litachomoza vile vile. Wakikuuliza faida yake, usitunge uongo kuwaridhisha. Na ukiamua, kubali gharama mapema, ulipe bila kulalama, maana ukaidi wa mtu asiyetaka kulipa ni deko tu.

Nenda sasa. Mungu akupe kifua kipana na usingizi mtamu, akukutanishe na watu wa kweli hata kama ni wawili tu, na atakayesimama getini kwako, Mungu amjalie kupisha.